Kijana aliyekimbia vita apewe chuma cha kulehemu, siyo ufagio peke yake

LUBUMBASHI – Katika komini za Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba, chumba cha michezo ya video hakihitaji kibao mlangoni. Kinajulikana kwa kelele. Ndani kuna televisheni moja au mbili, PlayStation 2 zilizochoka, benchi ya mbao, na watoto wanaongoja zamu yao ya kucheza mpira wa kwenye kioo. Umeme wa SNEL ukikatika, wote wanatoka nje wakinung'unika. Ukirudi kwa nguvu kupita kiasi, kuna siku mashine haiamki tena.

Wazazi wengi wana neno moja tu juu ya vyumba hivyo: vinakula pesa ya unga. Siyo uongo. Mtoto anatumwa makala, anarudi mikono mitupu na hadithi ndefu. Lakini ugomvi huo wa kila siku kati ya mama na mwenye chumba umefunika jambo lingine linalostahili kusemwa mbele ya watu. Nyuma ya chumba, mara nyingi nyuma ya pazia, kuna meza. Juu ya meza kuna maneti zilizofunguliwa, waya, adapta zilizoungua, na fundi aliyeinama. Meza hiyo ni shule. Swali ni nani anaruhusiwa kukaa mbele yake.

Kwa familia zilizofika Lubumbashi zikikimbia vita, swali hilo siyo dogo. Wapo waliotoka Mitwaba na Pweto miaka ya Mai-Mai, na wengi hawakurudi tena kijijini. Wapo waliofika baada ya Goma kuanguka mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili. Wanakaa kwa ndugu, watu kumi na zaidi katika nyumba ya vyumba viwili. Mtoto wa miaka kumi na sita aliyeacha masomo njiani hana bulletin, hana pesa ya kuandikishwa, na shangazi aliyempokea hawezi kumlipia. Anaanza kuzunguka mtaani. Mwisho anaingia katika chumba cha michezo, kwa sababu ni mahali pekee ambapo kijana mgeni hatazamwi vibaya akikaa bila kazi.

Baadhi ya mafundi wanampokea. Shida ni namna wanavyompokea. Mwaka wa kwanza anafagia. Anachota maji, anakwenda kununua mikate, anabeba betri ya sola kwenda kuchajishwa. Fundi akifungua mashine, anageuza mgongo ili kijana asione. Wengine wanadai kwanza pesa ya kuingia, ambayo familia iliyokimbia haina. Miaka miwili inapita, kijana anajua kufungua skrubu tu. Desturi hiyo wengi wanaitetea wakisema hata wao walifundishwa hivyo. Ni desturi mbaya, na umri wake hauifanyi kuwa nzuri.

Inafaa kuangalia kazi yenyewe, kwa sababu ukiijua utaona kwamba haina siri ya kuficha miaka miwili.

Chukua maneti ya zile mashine za bei ndogo za Kichina zinazouzwa sokoni, zinazoiga Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Ina vifungo vinane: pande nne, A, B, Select na Start. Lakini waya zinazotumika katika kamba yake ni tano tu. Vifungo vinane vinapitaje katika waya tano? Jibu liko katika chipu moja ndogo ndani ya maneti. Katika zile za asili inaitwa 4021. Katika nakala mara nyingi ni tone jeusi la gundi lililofunika chipu inayofanya kazi ileile. Waya mmoja unaleta umeme wa volti 5. Wa pili ni masi, yaani waya wa pamoja unaorudisha umeme. Wa tatu unaleta amri: "Shika hali ya vifungo vyote sasa hivi." Wa nne unapiga mapigo, na kwa kila pigo chipu inatoa habari ya kifungo kimoja kupitia waya wa tano. Kimebonyezwa, hakikubonyezwa, kimebonyezwa, hivyo hivyo mpaka cha nane. Kazi hiyo inarudiwa kama mara 50 au 60 kwa sekunde, kufuatana na aina ya mashine.

Mtoto akielewa hilo, tayari anajua kutafuta ugonjwa. Kifungo kimoja kikifa na vingine saba viko salama, hakuna haja ya kugusa kamba: kosa liko pale pale kwenye kifungo, katika mpira wake mweusi uliochakaa au katika uchafu wa jasho na sukari. Kipande cha pamba chenye alkoli kidogo kinatosha mara nyingi. Vifungo vyote vikifa kwa pamoja, usipoteze muda kusafisha mpira; tazama kile ambacho vyote vinakitumia, yaani kamba, na zaidi pale inapoingia katika maneti, mahali watoto wanapoikunja wakikasirika kwa kufungwa bao. Multimeta ya bei ya chini, ikiwekwa kwenye alama ya mlio, inaonyesha waya uliokatika ndani ya ganda bila kuupasua.

Hiyo ni akili ya kufikiri, siyo ya mikono peke yake. Na inafundishika kwa siku moja.

Halafu kuna sanduku la michezo. Vijana wengine wa mjini na wa nchi jirani wanatengeneza sanduku la mbao lenye fimbo na vifungo vikubwa vya rangi, kama zile mashine za zamani za kuingiza sarafu, na ndani wanaweka bodi ya kontrola inayounganishwa na kompyuta au televisheni. Seremala yeyote wa Katuba anaweza kutoa sanduku. Kazi ya kweli ni waya. Kila kifungo kina swichi ndogo chini yake, na swichi ina miguu mitatu: wa pamoja, ule unaofunga njia unapobonyeza, na ule ambao njia yake imefungwa tayari na inafunguka unapobonyeza. Anayeanza anakosea mguu, na mchezaji anaona mtu wake kwenye kioo anaruka bila kuguswa mpaka kifungo kibonyezwe. Watu wanacheka, lakini hapo ndipo kijana anajifunza kusoma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye plastiki.

Mguu wa pamoja wa kila swichi unaungwa na masi. Hakuna haja ya kuvuta waya kumi kurudi kwenye bodi. Waya mmoja unapita kutoka kifungo hadi kifungo kama shanga. Ubaya wake ni kwamba ukikatika baada ya kifungo cha tatu, vyote vinavyofuata vinakufa, na fundi asiyejua mpangilio atabadilisha swichi saba nzima na kumtoza mteja. Mguu wa pili wa kila swichi unakwenda peke yake kwenye tundu lake katika bodi. Bodi inashikilia tundu hilo juu kwa rezistansi, na kidole kikibonyeza, umeme unashuka kwenye masi. Bila rezistansi ile tundu linaelea: mkono ukipita karibu, mashine inadhani umebonyeza. Tena vyuma vya swichi vikigusana vinarukaruka kwa muda mfupi sana, elfu chache za sekunde, na bodi isiyopangwa vizuri inahesabu kubonyeza kumoja kama mara tatu. Ndiyo maana programu yake inaambiwa ingoje kidogo kabla ya kuamini.

Sasa taa za LED, na hapa ndipo ulipo ugomvi mkubwa na mafundi wa mtaa.

Watoto wanapenda taa. Mwenye chumba naye anazipenda kwa sababu zinavuta watoto. Kwa hiyo kila mtu anataka vifungo vinavyowaka. Taa nyekundu ya LED inahitaji karibu volti 2. Bodi inatoa 5. Zile 3 zinazobaki lazima ziende mahali, na mahali pake ni rezistansi. Ukitaka mkondo wa miliampea 10, unagawa volti 3 kwa 0.01, unapata omu 300. Dukani utapata ya 330, yenye mistari miwili ya rangi ya machungwa na mmoja wa kahawia. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Taa ya buluu au nyeupe inakula karibu volti 3, kwa hiyo omu 220 inatosha. Mguu mrefu wa LED unaelekea upande wa chanya. Basi.

Lakini mara ngapi rezistansi inarukwa! Taa inaungwa moja kwa moja, inawaka kwa nguvu, mteja anafurahi na kulipa. Baada ya siku chache inazimika, au mbaya zaidi inaua tundu la bodi pamoja nayo. Fundi anasema ni mali ya Kichina. Mteja anaamini. Rezistansi moja ni kitu cha bei ndogo kabisa mezani, na bado inaachwa, kwa sababu aliyefundisha hakueleza kwa nini ipo. Alisema tu "weka hii", na mwanafunzi alipoona taa inawaka hata bila "hii", akaona ni mapambo. Haya ndiyo matunda ya kufundisha kwa kuficha. Anayejua sababu harukii. Anayejua amri peke yake ataiacha siku kisanduku kitakapokuwa kitupu.

Bodi mpya zinazidisha hatari hiyo. Raspberry Pi Pico, iliyotoka 2021 kwa dola 4 huko ilikotengenezwa (hapa usafiri na mikono ya njiani vinaongeza), inaweza kufanya kazi yote ya vifungo na taa. Matundu yake ni ya volti 3.3. Kijana aliyezoea volti 5 za maneti ya zamani akileta 5 hizo moja kwa moja, bodi inaweza kufa bila moshi wala sauti. Hesabu ya rezistansi nayo inabadilika. Aliyekariri "330" bila kuelewa atakwama hapo.

Na kuna somo ambalo mashine za zamani zinalitoa bora kuliko mpya. Nintendo ya kijivu iliyouzwa Ulaya na Marekani ina taa nyekundu mbele. Ikianza kuwaka na kuzima kila sekunde, wengi wanasema taa imeharibika na wanataka kuibadilisha. Taa ni nzima. Ndani kuna chipu ya ulinzi inayouliza kaseti kama ni ya kweli. Kiunganishi chenye pini 72 kikichafuka au kulegea, jibu halifiki, na chipu inaizima na kuiwasha mashine tena na tena. Taa inatoa habari tu. Kijana aliyefahamu hilo mara moja hatabadilisha tena balbu ya onyo kwenye gari au kwenye inverta ya sola kabla ya kuuliza inaonya nini.

Mtu anaweza kuuliza: hii yote inamsaidia nani, wakati familia inatafuta kikombe cha unga wa bukari? Jibu ni kwamba maneti siyo mwisho wa safari. Swichi, rezistansi, taa na bodi ya kontrola ni vitu vilevile vilivyo katika kontrola ya sola juu ya nyumba, katika pampu ya maji, katika mashine za migodini. Huko Kinshasa, tangu 2013, watu waliona roboti za alumini zikiongoza magari barabarani, na taa zake nyekundu na za kijani, zikitumia umeme wa jua. Zilitengenezwa na Wakongo, chini ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na kikundi chake Women Technology. Ukizifungua, jambo la kwanza utakalokuta ni bodi inayosema taa ipi iwake na lini. Tofauti na sanduku la michezo ni ukubwa wa kazi na ukali wa mvua. Misingi ni ileile.

Tena ni hapa Lubumbashi, siyo kwingine, jambo hili linapouma. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mjini hapa mwaka 1911. Tangu 2023 Kongo imekuwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Katika ule mlima mweusi wa taka kando ya bomba refu la Gécamines mna kobalti na germanium, na transista ya kwanza iliyoonyeshwa Marekani mwisho wa 1947 ilitengenezwa kwa germanium. Shaba inaondoka kwa malori kupitia Kasumbalesa, inarudi ikiwa waya mwembamba ndani ya kamba ya maneti, na mtoto wa Ruashi anaambiwa asiiguse kwa sababu hajamaliza mwaka wake wa kufagia.

Kuna hoja ya usalama, na hiyo haipaswi kudharauliwa. Risasi iliyo katika waya wa kulehemu ni sumu. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, na meza iwe karibu na dirisha, siyo nyuma ya pazia. Adapta zinazoingia moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani zinabaki na nguvu ndani hata baada ya kung'olewa, na televisheni za zamani zenye kioo kinene cha mgongo zinaweza kuua. Mwanafunzi asifungue hizo kabisa katika miezi ya kwanza. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia kwenye maneti na masanduku: volti 5 hazimdhuru mtu, na zinapatikana kwenye pawabanki hata siku ambayo SNEL imekata mtaa mzima. Darasa halingoji umeme.

Kwa wazazi waliopokea vijana, wa hapa na waliotoka mbali, shauri ni kuacha kumfukuza mtoto kutoka chumba cha michezo kwa fimbo bila kuuliza anakaa upande gani wa pazia. Aliye mbele ya kioo anatumia pesa. Aliye nyuma huenda anatafuta njia ya kuiingiza. Mama aende mwenyewe kwa fundi, amsalimu, aulize: mtoto huyu anajifunza nini mwezi huu? Fundi asiye na jibu amejulikana.

Makubaliano nayo yaandikwe. Siyo mkataba wa wanasheria; ukurasa mmoja, mbele ya chef de quartier au mzee wa avenyu, unaosema muda ni miezi mingapi, mwezi wa kwanza kijana atashika chuma cha kulehemu mara ngapi kwa juma, na kuanzia lini atapata sehemu ya pesa ya kazi aliyoifanya kwa mkono wake. Familia isiyo na pesa ya kuingia ilipe kwa kazi, na kazi hiyo ihesabiwe kwa siku, isiwe ufagio usio na mwisho. Fundi anayeogopa kwamba mwanafunzi atafungua meza yake kando ya barabara hiyo hiyo ana haki ya kuogopa, na karatasi inaweza kumlinda pia: kijana akubali kufungua katika mtaa mwingine kwa muda fulani.

Linabaki jambo la vyeti. Mji una INPP, una Cité des Jeunes na Institut Salama ya Wasalesiani, mahali ambapo umeme na elektroniki vinafundishwa kwa mpango. Lakini mlango wa shule mara nyingi unafunguliwa kwa karatasi, na karatasi za aliyekimbia zimebaki katika nyumba iliyochomwa au zimelowana ziwani. Kumwambia kijana wa namna hiyo arudi Goma kutafuta bulletin ni kumfukuza kwa adabu. Vituo vya ufundi vingeweza kuweka siku moja kila baada ya miezi mitatu kwa mtihani wa mkono. Meza, multimeta, chuma cha kulehemu, na maneti moja ambayo mkaguzi ameitia makosa matatu usiku uliotangulia: waya mmoja uliokatwa ndani ya ganda, swichi iliyoungwa kwenye mguu usio wake, na LED iliyoungwa bila rezistansi lakini bado inawaka. Saa moja. Atakayeyaona yote matatu, na kueleza kwa nini lile la tatu ni kosa ingawa taa inawaka, aandikishwe siku hiyohiyo, na mambo ya bulletin yaulizwe baadaye.